Saa Tisa na Nusu, Mkono Mfupi Uko Wapi?

Nyinyi mnaofundisha nasari siku hizi, na vyeti vyenu na simu zenu, leo mtanisikiliza mimi niliyeishia darasa la nne. Nimekasirika na sitaficha. Mjukuu wangu aliambiwa hajui saa. Mjukuu wangu mimi! Nitawaambia vile ilikuwa, lakini kwanza mjue anayewagombeza ni nani.

Watoto wa hapa kwetu wananiita Gogo, ndivyo sisi Wakalenjin tunavyomwita nyanya. Kabla sijahamia hapa Eldoret kukaa na binti yangu Mercy, nilifundisha nasari ya kanisa upande wa Soy zaidi ya miaka thelathini. Sikuandikwa kazi kama mwalimu. Niliandikwa kupika uji. Mwalimu aliyekuwepo akaolewa, akaenda zake, na mchungaji akaja kunitazama hapo jikoni nikiwa na mwiko mkononi. Akasema, "Mama, si wewe ndiye watoto wanakusikia? Ingia huko ndani." Nikaingia na aproni yangu ya uji, na uji wenyewe ukaungua siku hiyo.

Herufi nilifundisha kama wengine. Nyimbo, kama wengine. Lakini saa ilikuwa yangu. Hakuna mtoto aliyetoka mkononi mwangu kwenda darasa la kwanza bila kusoma saa ya mikono. Kulikuwa na wazazi wanatoka mpaka Chepsaita kuleta watoto kwangu, na nasari nyingine iko hapo karibu na kwao. Kama mnadhani najisifu, ni kweli najisifu. Mniletee mtoto mmoja tu aliyetoka kwangu bila kujua.

Na mimi mwenyewe sikuzaliwa nikijua. Nyumbani kwetu saa ilikuwa kukamua. Kukamua kwa asubuhi, kukamua kwa jioni, na katikati hapo jua. Pale nasari kulikuwa na saa ya duara ukutani, zawadi ya muumini mmoja, na mchungaji akanifundisha kitu kimoja peke yake: "Mikono yote miwili ikilala pamoja hapo juu, ni saa sita. Piga kengele watoto waende nyumbani." Nikasema sawa. Kitu rahisi hivyo, nani atakosea?

Siku moja nikainua macho, nikaona mikono yote miwili imelala pamoja hapo juu. Nikapiga kengele. Watoto wakatoka mbio kama ndama waliofunguliwa. Nikaanza kuosha vikombe. Vikombe havijaisha, mama mmoja akaingia na jembe begani, amemshika mtoto wake mkono.

"Mwalimu, leo kuna msiba? Mbona mmefunga mapema?"

"Mapema gani? Ni saa sita."

Akatazama ukuta. Akaweka jembe chini ndiyo aweze kucheka vizuri. "Saa sita ya wapi? Hiyo ni saa tano kasoro dakika tano, Mwalimu!"

Mikono ilikuwa imelala pamoja, ni kweli, lakini ilikuwa imelala kwa kumi na moja, si kwa kumi na mbili. Nilikuwa nimetoa watoto saa nzima kabla ya wakati, na mama zao bado wako shambani. Tulitafuta watoto wawili mpaka nikaishiwa sauti. Tuliwapata wamelala ndani ya ngano, ngano ya kufika kiunoni kwangu, ile ambayo trekta likiingia dereva haoni kitu chini. Walikuwa wazima. Mama yao hakunitukana. Alinitazama tu, na kutazamwa hivyo kuliniuma kuliko matusi.

Kwa hivyo msifikiri nawagombeza kwa sababu mnakosea. Mimi nilikosea kuliko nyinyi wote. Mimi nilienda kujifunza.

Nilipanda gari mpaka mjini kwa fundi wa saa. Alikuwa anaitwa Wafula, Mbukusu, anakaa kwa veranda ya duka moja na kasanduku ka kioo, na lenzi imebanwa jichoni kama imeota hapo. Nikamwambia, "Fundi, nataka unifundishe saa."

"Unataka nikuuzie?"

"Nataka unifundishe."

Akatoa ile lenzi ndiyo anione vizuri. "Mama, wewe ni mwalimu, sivyo? Naona chaki kwa sweta."

"Ndiyo sababu sitaki watu wajue. Ongea polepole."

Akacheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia. Halafu akachukua saa moja kuukuu, akaifungua kioo, akang'oa ule mkono mrefu kwa koleo. Akanishikisha saa yenye mkono mmoja, ule mfupi.

"Soma."

"Nitasomaje na umeivunja?"

"Soma, Mama."

Nikatazama. Mkono mfupi ulikuwa umeachana na tisa kidogo, unaelekea kumi. Nikasema, "Imepita saa tatu. Lakini si sana."

"Kama kiasi gani?"

"Kama robo."

Akanionyesha saa yake ya mkononi. Saa tatu na robo, na dakika moja juu. "Sasa umeona?" akasema. "Watu wote wanakimbilia huu mrefu kwa sababu unatembea sana. Lakini mwenye nyumba ni huyu mfupi. Mrefu ni mtu wa kuleta habari kidogo tu." Nikataka kumlipa, akakataa. Akanipa ile saa ya mkono mmoja niende nayo. Ule mrefu akautia kwa mfuko wa shati. "Nitakaa nao. Siku utakuja ukisoma bila kufikiria, nitaurudisha."

Nilirudi baada ya wiki tatu. Akaurudisha bila kuniuliza swali, aliona tu vile ninavyotazama.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ninaitoa bure, mwenye masikio achukue. Anza na mkono mmoja. Muhula mzima, mkono mfupi peke yake. Mtoto aseme "imepita kidogo," "iko katikati," "karibu kufika." Msimharakishe na dakika. Dakika zitakuja zenyewe kama meno.

Halafu mniletee ng'ombe. Watoto wetu wanajua ng'ombe, au nyanya zao wanajua. Nilikuwa nawaambia: ule uso wa saa ni shamba. Namba ni mageti, kumi na mawili. Kati ya geti na geti ni padoki, kipande cha malisho. Mkono mfupi ni ng'ombe, mzito, anakula akitembea. Mkono mrefu ni mbwa. Wakati ng'ombe anamaliza padoki moja, mbwa amezunguka shamba lote amerudi juu. Sasa nauliza, "Mbwa akiwa amefika nusu ya mzunguko, ng'ombe yuko wapi?"

Watoto wote: "Katikati ya padoki!"

"Anaweza kuwa bado amesimama kwa geti?"

"Hapanaaa!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anatembea, Mwalimu!"

Hiyo muiweke akilini. Mtoto wa miaka mitano anaijua, na kuna watu wakubwa nitawataja hapa chini ambao hawakuijua.

Kuna na ile taabu yetu ya Kizungu na Kiswahili. Mtoto anasikia nyumbani ni saa mbili, anafika shule anaambiwa ni eight, anadhani mmoja wenu ni mwongo. Na nyinyi mnafanya nini? Mnamwambia ajumlishe sita. Mtoto wa nasari ajumlishe sita! Mimi nilikuwa nachukua kijiti cha ufagio, nakilaza juu ya mkono mfupi, kinapita katikati ya saa kinatokea ng'ambo. Kichwa cha ng'ombe kinaongea Kizungu, mkia unaongea Kiswahili. Kichwa kiko kwa nane, mkia uko kwa mbili. Kichwa kwa saba, mkia kwa moja. Hakuna kujumlisha. Wanacheka kwa sababu ya mkia, na kitu wamechekea hawasahau. Kuna mzazi mmoja, karani, alikuja kunilalamikia ati nafundisha watoto ujinga. Nikampa kijiti ajaribu. Alizunguka namba zote kumi na mbili, akarudisha kijiti pole pole, akaenda bila kuaga.

Na mkishika saa kifuani mkiwaonyesha watoto, kumbukeni nyinyi mnaiona kichwa chini. Nimeona mwalimu anasahihisha mtoto na mwenye kukosea ni yeye.

Sasa mnaniambia hakuna haja, simu inaonyesha saa. Simu inakuambia ni saa ngapi, haikuambii imebaki kiasi gani. Mtoto anayelilia mama yake, mwonyeshe namba kwa simu, ataendelea kulia. Mwonyeshe mkono mfupi uko hapa, mama anakuja ukifika pale, atanyamaza. Ataona kwa macho yake njia iliyobaki ni fupi. Nimenyamazisha watoto wengi hivyo kuliko kwa peremende.

Na kile kitu chenu cha sahani ya karatasi na pini katikati, mikono imelegea kama miguu ya kuku aliyechinjwa, mtoto anazungusha kila mmoja vile anataka? Hiyo si saa. Hiyo ni sahani. Saa ya kweli mikono yake imefungwa pamoja kwa ndani. Ukisukuma mmoja, mwingine unafuata. Mtoto asipoona hilo hajaona saa.

Sasa Jerop.

Jerop ni mtoto wa Mercy, miaka sita. Nimemlea mimi, kwa sababu Mercy anashinda kwa salon mjini. Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wote, mkono mmoja kwanza, ng'ombe baadaye, na saa ya ukutani iko hapo sebuleni juu ya viti. Akaijua. Akawa ananiamuru: "Gogo, imebaki padoki nusu, weka chai." Mercy akataka aingie gredi ya kwanza kwa akademi moja hapa Eldoret. Jina sitaandika. Huko wanafanyiwa intaviu, watoto wadogo hivyo, wanaingizwa chumbani mmoja mmoja kama watu wa kutafuta kazi benki.

Mercy akarudi na fomu. Akaiweka juu ya meza. Kusoma, tiki. Hesabu, tiki. Rangi, tiki. Kwa saa, mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, na hapo chini imeandikwa: "Hawezi kusoma saa. Anaongea mambo ya ng'ombe. Arudie PP2." Yaani arudie mwaka wa mwisho wa nasari.

Nilisoma mara tatu. Mimi si msomaji wa haraka, lakini hiyo nilisoma mara tatu kwa hasira.

"Jerop, njoo hapa. Walikuonyesha nini?"

Akachora. Duara, namba zote, mkono mrefu kwa sita, mkono mfupi juu ya tatu. Juu ya tatu kabisa, umetulia pale kama mlinzi.

"Ukasema nini?"

"Nikasema hii saa imeharibika. Mbwa amefika nusu na ng'ombe bado yuko kwa geti."

"Na Ticha akasema?"

"Akacheka. Akaniambia, si ni half past three, hujui? Halafu akaita Ticha mwingine wakacheka wote."

Sikilizeni, nyinyi walimu. Saa tisa na nusu, mkono mfupi hauwezi kuwa juu ya tatu. Uko katikati ya tatu na nne. Hakuna saa yoyote duniani, nzima, inayoonyesha ile picha. Mtoto alisema kweli tupu, na akaambiwa arudi nyuma mwaka mzima. Na kitu kilichoniuma zaidi si mwaka. Ni kwamba jioni hiyo nilimuuliza, "Jerop, chai bado kiasi gani?" na hakuinua macho kwa ukuta. Akasema, "Sijui, Gogo. Uliza Mama kwa simu."

Kesho yake nilishusha saa ya sebuleni, nikaifunga kwa leso, nikavaa viatu vya kanisani. Mercy akanifuata mpaka getini akiniomba. "Mama, tafadhali, usiende kupigana huko. Wakikasirika hawatamchukua kabisa."

"Basi njoo na mtoto, uone vile sipigani."

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa heshima, amevaa suti, anaongea polepole kama anayezungumza na mgonjwa. Akamwita yule mwalimu aliyefanya intaviu, Ticha Sharon, msichana mdogo, rasta nzuri, kucha ndefu. Jerop aliachwa nje kwa benchi.

Ticha Sharon akaniambia, "Pole, Shosho, lakini mtoto hakuwa tayari."

"Mimi si shosho wala nyanya yako. Mimi ni mwalimu wa nasari kama wewe. Shika hii." Nikafungua leso, nikampa saa. "Niwekee half past three."

Akatafuta kale kagurudumu ka nyuma. Hakukajua kako wapi. Nikamwonyesha. Akazungusha. Mkono mrefu ukateremka mpaka kwa sita, na ule mfupi ukaachana na tatu, ukaenda, ukasimama katikati.

"Sasa chukua karatasi yenu. Fanya saa ifanane na hiyo picha."

Akazungusha nyuma. Mfupi ukarudi kwa tatu, na mrefu ukapanda juu kwa kumi na mbili. Akazungusha mbele. Mrefu kwa sita, mfupi ukatoka tena kwa tatu. Akarudia. Mara ya nne akaacha. Niliona uso wake unabadilika, na hapo, nitasema haki, nilimpenda kidogo. Akasema kwa sauti ndogo, "Madam, haiwezekani."

"Nini haiwezekani?"

"Hii picha. Hakuna saa inaweza kuwa hivi. Mtoto alikuwa anaongea ukweli."

Mwalimu mkuu akachukua karatasi, akaitazama, akatazama saa. Akafikiria. Halafu akatabasamu lile tabasamu la ofisi. "Mama, hiyo ndiyo picha iko kwa kitabu, na watoto wote wametumia hiyo. Hatuwezi kubadilisha sasa. Lakini kwa heshima yako, tutampa mtoto nafasi nyingine. Mwiteni."

"Sikuja kuomba nafasi nyingine," nikasema. "Nilikuja mfute huo mkasi. Alijibu vizuri mara ya kwanza."

"Mama," Mercy akasema chini chini, na akanikanyaga kiatu. Kiatu cha kanisani.

Jerop akaingia. Akasimama mbele ya meza, mikono nyuma. Mwalimu mkuu akamwekea ile karatasi, ile ile, duara lile lile. "Haya, msichana mzuri. Tuambie, hii ni saa ngapi?"

Mimi nilikuwa nimeshikilia saa ya kweli mapajani. Nilijua atasema imeharibika, na safari hii sisi watu wazima wote wanne tutakuwa tunajua ni kweli, na watafanya nini? Nilikuwa nimeshajiandaa kufurahi.

Jerop akatazama karatasi. Akamtazama Ticha Sharon. Akamtazama mama yake. Mimi hakunitazama.

"Half past three," akasema.

Mwalimu mkuu akapiga makofi. "Si mnaona? Alikuwa na woga tu!" Akachukua kalamu nyekundu, akageuza ule mkasi kuwa tiki, akapiga muhuri. Mercy akaanza kulia kwa furaha, "Asante Madam, asante sana Madam." Ticha Sharon alikuwa anatazama sakafu. Na mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, mnajua mimi sikosi maneno. Lakini mtoto alikuwa ameingia, Mercy alikuwa analia, na muhuri ulikuwa bado mbichi. Nikafunga mdomo. Nikafunga saa kwa leso. Mimi, miaka thelathini, nikakaa kimya mbele ya picha ya uongo, nikasema asante.

Ndiyo sababu hasira hii haiishi. Nyingine ni ya kujikasirikia mimi mwenyewe.

Kwa barabara Mercy alitangulia, anapigia watu simu kuwaambia. Mimi na Jerop tukabaki nyuma. Nikamuuliza, "Jerop, ile saa ya karatasi. Si ulikuwa umesema imeharibika?"

"Imeharibika, Gogo."

"Sasa mbona ukasema vile?"

Akaniangalia vile unaangalia mtu mzima ambaye haelewi kitu rahisi.

"Kwa sababu hiyo ndiyo wanataka."